Baba mwenye nyumba ana ufunguo wangu wa akiba, na anautumia. Haki yangu inaishia wapi?

BintiZamu

Habari wakubwa, na shikamooni mnaostahili.

Mimi ni muuguzi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimepanga chumba masta na sebule, nyumba ndogo ya uani. Nyumba kubwa ya mbele anakaa mwenye nyumba mwenyewe, mzee mstaafu, mkewe alishatangulia na watoto wote wako mbali. Kodi 180,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, 1,080,000, na dalali akakata 180,000 yake hata kabla sijafagia. Mkataba ni ile karatasi ya kununua stationari, kurasa mbili, tumejaza majina na kugonga muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sasa Baba (ndivyo ninavyomwita, naye ananiita mwanangu) yupo pale nyumbani saa ishirini na nne. Akitoka msikitini alfajiri anakaa kwenye benchi lake chini ya mwembe, na mwembe wenyewe uko hatua nne kutoka dirisha la chumba changu. Redio hapo, kahawa hapo, wazee wenzake hapo. Mimi nikiwa na zamu za usiku nalala mchana, kwa hiyo nalala nikisikiliza vifo vilivyotangazwa, bei ya mahindi na habari zangu mwenyewe. "Nesi amelala," anawaambia. "Jana alipata wageni watatu, mmoja mwanaume, sijui ni kaka yake." Alikuwa kaka yangu kweli, lakini kwa nini nieleze?

Hayo ya benchi nilishayazoea. Nililoshindwa kulizoea ni ufunguo.

Mwezi wa kwanza tu nilitoka zamu saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na nguo zangu nilikuwa nimeziacha kambani. Kambani hazipo. Nafungua mlango, nazikuta kitandani, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Sare juu, kanga katikati, na chini kabisa, naona aibu hata kuandika, zile nyingine, zimepangwa kwa rangi. Nilikaa kwenye kiti nikazitazama muda mrefu. Nikaenda kumwambia Baba asante. Ndiyo, nilimwambia asante! Ningesema nini?

Baada ya hapo nikaanza kuona vitu. Nimepiga deki na kutoka, nikirudi nakuta alama ya kandambili kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi. Nimeacha pazia limefungwa, nalikuta wazi "chumba kipate hewa". Siku moja nimekuta balbu mpya, na ile ya zamani haikuwa imeungua.

La mwisho ndilo lililonileta hapa. Nilikwenda Morogoro kwenye msiba, siku tatu. Nilikuwa nimenunua vibua Feri, kilo mbili, nikavisafisha na kuviweka kwenye friza. Siku ya pili inaingia meseji: "Mwanangu nimezima friji lako umeme unaenda bure na wewe haupo. Pole na msiba." Hakuficha chochote! Kwake hilo ni jambo jema, na luku tunachangia mita moja, mimi natoa 15,000 kila mwezi. Nilivyokuta ile harufu siwezi kuwasimulia mtu akiwa anakula.

Kabla hamjaniambia "hama": maji pale hayakatiki maana kuna kisima, kituo cha daladala ni dakika tano, na bado nina miezi miwili niliyoilipia. Halafu kuna hili pia. Mwezi Mei nilishikwa na homa usiku wa manane, na aliyenipakia kwenye bajaji na kukaa na mimi mapokezi mpaka kukakucha ni yeye. Alikuwa amevaa msuli na koti.

Kwa hiyo nauliza. Nyumba ni yake, sikatai. Lakini anaruhusiwa kuingia nikiwa sipo? Nikibadilisha kitasa nitakuwa nimevunja sheria? Na mtu wa umri wa baba yangu naanzaje kumwambia?

KondaMstaafu

Hama.

Pole, ulishatukataza. Basi kwa wanaosoma: dalali akikuonyesha nyumba, swali la kwanza siyo kodi, siyo maji. Ni "mwenye nyumba anakaa wapi?" Akijibu "humuhumu, ni mzee mzuri sana, mcha Mungu", mlipe hela yake ya kuonyeshwa na uondoke. Mimi nilipanga kwa mama mmoja Mbagala aliyekuwa anapita kunusa mlango wangu ajue nimepika nini. Nikipika nyama, kesho yake anakumbushia kodi.

Ila hiyo ya kupanga kwa rangi imenishinda. Huyo mzee alikuwa jeshini?

KaraniWaZamani

Dada BintiZamu, mimi siyo wakili. Nilikaa miaka minane nikiandika malalamiko kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, na nusu ya mafaili yetu yalikuwa ya wapangaji. Nikueleze ninavyojua.

Kwanza ondoa hofu ya "nyumba ni yake". Ukishalipa kodi na kukabidhiwa ufunguo, umiliki unabaki kwake lakini kukaa mle ni haki yako mpaka muda uishe. Sheria ya Ardhi, ile Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88, inachukulia kwamba kila anayepangisha amemuahidi mpangaji wake akae kwa amani bila kuingiliwa, maadamu analipa kodi na kutimiza masharti. Ahadi hiyo ipo hata kama karatasi yenu ya stationari haikuitaja, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye zile kurasa mbili.

Kifungu kinachofuata, cha 89, ni wajibu wa upande wako. Unatakiwa umruhusu mwenye nyumba aingie kukagua hali ya jengo, lakini kwa saa za maana na baada ya kukupa taarifa. Dari linavuja, bomba limepasuka, anataka kuona, huwezi kumfungia mlango ukasema sitaki. Ila kukagua dari siyo kukagua friza. Juu ya yote hayo kuna Katiba, ibara ya 16, inayotaja heshima na hifadhi ya maskani ya mtu na maisha yake binafsi. Haisemi maskani ya mwenye hati. Chumba chako ndiyo maskani yako.

Benchi na mwembe ni habari nyingine. Ua ni wake na mnautumia pamoja, na hakuna baraza litakalomwamuru mzee asikae chini ya mti wake. Hapo tafuta pazia zito na maneno matamu.

Kuhusu polisi, wengi hukimbilia huko na hurudi wamevunjika moyo. Kosa la kuingia kwa jinai linataka uonyeshe kwamba aliyeingia alikuwa na nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Mzee aliyeingia kukunja nguo na kuzima friji, tena akakuandikia meseji, nia hiyo utaitoa wapi? Utaishia kuwa adui wa mtaa mzima na faili haliendi popote.

Njia yenyewe ni hii. Mwandikie barua fupi, nakala ubaki nayo. Asipobadilika, mwenyekiti wa mtaa, maana muhuri wake uko kwenye mkataba. Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe 2021, baraza hilo halitoi hukumu, kazi yake ni kuwapatanisha, na lina siku 30. Likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akikutajia mabaraza ya nyumba ya zamani, yale ya sheria ya kudhibiti kodi ya 1984, mwambie sheria hiyo ilifutwa 2005. Bado nakutana na watu wanaoyatafuta.

Tunza hiyo meseji ya friji. Ni ushahidi, na ameuandika mwenyewe.

Kitasa nakijibu baadaye, niko kwenye foleni ya gesi.

MamaMjengo

Mimi ni mwenye nyumba, Mbezi, nina wapangaji wanne, nami nakaa humohumo. Kwa hiyo nipigeni mawe polepole.

Mwanangu BintiZamu, una haki, sibishi hata kidogo. Lakini ngoja nikwambie kinachotembea kichwani mwa huyo mzee. Hiyo nyumba ya uani siyo chumba tu, ndiyo pensheni yake. Tofali zake alizihesabu moja moja. Mimi niliwahi kupangisha kijana mpole, "shikamoo mama" asubuhi na jioni. Akasafiri wiki mbili, akaacha bomba la sinki halijafungwa, maji yalikuwa yamekatika. Yalipotoka usiku yakajaa mpaka yakapita chini ya mlango, dari la jirani yake wa chini likaanguka. Mimi nilikuwa nimesimama nje na ufunguo sina. Fundi akavunja mlango, mlango wa mninga! Tangu siku hiyo sipangishi bila ufunguo wa akiba.

Lakini ufunguo wa akiba unao utaratibu wake. Kwangu tunafanya hivi. Ufunguo unatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa kwa gundi, mpangaji anasaini pale kwenye mkunjo, nusu ya saini juu ya kifuniko na nusu chini. Bahasha inakaa kabatini kwangu. Kila mwisho wa mwezi akileta hela ya luku anaiona. Ikichanika, lazima nieleze: moto, maji au wizi. Katika miaka sita imechanika mara moja, na nilimpigia simu kwanza ndipo nikachana.

Mpelekee wazo hilo. Halimnyang'anyi kitu. Mzee akisikia "nirudishie ufunguo" atasikia "wewe ni mwizi". Akisikia "tuuweke kwenye bahasha" atajiona kama benki.

Na luku, mdogo wangu, jitenge! Fundi wa umeme anakufungia mita ndogo ya kusoma matumizi, unalipa unachokula. Hapo hatakuwa na sababu ya kugusa friji lako.

KaraniWaZamani

Nimetoka foleni. Mama hapo juu amenipunguzia kazi.

Kitasa: nimeona mikataba mingi inayokataza kubadilisha chochote bila idhini, kwa hiyo soma wako. Kama hauna kipengele hicho, badilisha silinda tu, ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo, usitoboe mlango upya. Silinda ya zamani uifunge kwenye mfuko na uitunze, siku ya kuhama unairudisha mahali pake. Na umwambie. Mpangaji anayebadilisha kitasa kimyakimya anaonekana ana la kuficha, hata mbele ya baraza. Ndani ya nyumba funga komeo, kwa sababu silinda haikusaidii ukiwa umelala na mtu ana ufunguo.

MvitaWaMajengo

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Majengo nyumba nyingi ni zile za Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani jikoni na choo. Landilodi hukaa chumba cha mbele, na kila anayeingia na anayetoka hupita mbele ya macho yake. Mimi nimezaliwa mle. Babu yangu ndiye aliyekuwa huyo landilodi.

Sheria zetu ni nyengine. Katiba ya 2010 ina ibara ya 31 ya faragha, na baraza la kodi lipo, lakini sheria yake yashughulikia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sasa hivi nionyeshe nyumba ya bei hiyo. Kwa hivyo tulio wengi twabaki na mkataba na maneno.

Lakini dadangu, huyo mzee umesema atoka msikitini. Basi mambo ya vifungu yaweke akiba. Mambo ya hodi ayajua yeye kuliko wewe. Qurani, Surat An-Nur, aya ya 27, yasema msiingie nyumba zisizokuwa zenu mpaka mwombe ruhusa na muwatolee salamu wenyewe. Na aya ya 28 yasema msipomkuta mtu ndani, basi msiingie mpaka mpewe ruhusa. Msipomkuta mtu! Yaani hali yako wewe hasa, uko zamu, nyumba haina mtu. Na tumefundishwa hodi ni tatu, usipojibiwa, warudi.

Babu yangu alikuwa na chumba cha mpangaji kilichotazamana na chake, mlango kwa mlango, na alipiga hodi miaka yote hata mlango ukiwa wazi na mtu amwona. Alikuwa akisimama ubavuni mwa mlango, si mbele yake, asije akaona la ndani kabla ya kukaribishwa. Nilimuuliza, "Babu, si nyumba yako?" Akanambia, "Kuta ni zangu."

Usimwambie wewe, utaonekana wamfundisha dini. Mtafute rafiki yake mmoja wa pale benchini, wa rika lake, mwambie yeye. Wazee huambiana.

BintiZamu

Jamani asanteni. Nimesoma mkataba tena kwa miwani. Umeandika "mpangaji haruhusiwi kufuga mbwa, kufanya fujo wala kubadilisha rangi ya nyumba". Kitasa hakimo.

Mvita, umenipa wazo. Kati ya wazee wa benchi kuna mmoja fundi saa, mpole, huwa nampima presha bure kila Ijumaa. Nitaanza na huyo. MamaMjengo, bahasha naichukua. Barua naiandika lakini naiweka mfukoni kwanza.

KondaMstaafu, hapana, hakuwa jeshini. Alikuwa mtunza stoo.

KondaMstaafu

Mtunza stoo! Sasa kila kitu kimeeleweka. Wewe umo kwenye leja.

BintiZamu

Wiki tatu baadaye, nawaletea mrejesho kama nilivyoahidi kwenye inbox za watu.

Fundi saa alinisikiliza huku mkono uko kwenye mashine ya presha, akasema "niachie". Sijui waliongea nini. Jumapili Baba akaniita chini ya mwembe, akaamuru wenzake wapunguze redio. Nikadhani nafukuzwa. Akaniuliza, "Mwanangu, nilikukosea?" Nikasema hapana Baba. Akanyamaza. Nikaona nikisema hapana mara ya pili nitakuwa nimeharibu kazi ya watu wote humu ndani, nikasema, "Baba, nguo zangu." Tu. Sikuongeza neno. Akainamisha kichwa, akasugua magoti yake, akasema, "Mama yenu alipokuwepo, mvua ikianza tulikuwa tunakimbilia kamba wote wawili." Baada ya hapo sote wawili tulitazama kuku.

Vibua sikuvitaja. Silinda nimebadilisha, fundi alitumia dakika kumi na tano, Baba amesimama pembeni anamshikia tochi. Bahasha nikaileta mimi mwenyewe, nikasaini kwenye mkunjo. Naye akataka kusaini. Kisha akaingia ndani akatoka na muhuri wake wa zamani wa stoo, ule wa tarehe wa kuzungusha, akaugonga juu ya saini zote mbili. Muhuri unaishia mwaka 2005, kwa hiyo ufunguo wangu kisheria umepokelewa miaka mingi kabla sijahamia. Mita ndogo ya umeme tutafunga mshahara ukitoka, nusu kwa nusu.

Benchi halijahama. Nimenunua pazia zito.

Tatizo limebaki moja. Nikiwa nimetoka zamu, nimelala, mara nasikia mtu amesimama ubavuni mwa mlango, si mbele yake, Mvita, ubavuni kabisa: "Hodi!" Anangoja. "Hodi!" Anangoja. "Hodi, mwanangu!" Halafu nyayo zinaondoka taratibu, na wazee benchini wanamuuliza, naye anawajibu, "Hajajibu, nimerudi."

Saa nne asubuhi, kila siku. Alitaka tu kuniuliza kama nimeshakunywa chai.

KondaMstaafu

Hama.